Taa ya Oili Ikiwaka Katika Injini Iliyotengenezwa Upya
(Hotuba kwa wanachama wa Olympic, Kibera)



Tumeombwa tuseme habari ya injini kuukuu iliyotengenezwa upya, nayo taa ya oili yawaka. Jambo hili lagusa mshahara, ndiyo sababu tumekuja.

Kulikuwa na Peugeot 404 katika gereji moja hapa Olympic. Gari hilo mwalijua, lilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Mwenyewe alitaka kulipeleka kwenye maonyesho ya magari ya zamani, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Kranki ikachongwa, beringi mpya zikatiwa. Siku ya tatu injini ilipopata moto, taa ikawaka. Mwenye gereji akasema, "Beringi zimefungwa vibaya. Fundi atalipa." Na fundi huyo ni mwenzetu.

Tulimwambia asifungue kitu. Taa husema ndiyo au siyo tu, haina kipimo. Tukatoa swichi yake, tukafunga geji mahali pake. Injini baridi: ratili 45 kwa inchi ya mraba. Ilipopata moto, pasipo kukanyaga petroli: ratili 6. Kumbe taa haikusema uongo! Injini za namna hii twazitakia kama ratili 10 kwa kila mizunguko 1000.

Hapo wengi hukimbilia beringi, wala si ujinga, maana nafasi ya beringi ikizidi maradufu oili hupenya kama mara 8. Lakini oili nyepesi nayo huonyesha dalili ile ile: nzuri baridi, mbaya moto. (Chujio la pampu likinyonya hewa, au vali ikikwama wazi, kwa kawaida geji huwa chini hata asubuhi.) Tukachomoa kijiti. Oili imepita alama, nayo yanuka petroli. Mpira wa ndani ya pampu ya petroli ulikuwa umepasuka. Pampu hiyo ilikuwa ile ile ya zamani; fundi aliomba mpya, akakataliwa.

Tukatia pampu na oili mpya, tukafungua kifuniko kimoja cha beringi: haina mkwaruzo. Injini moto, mizunguko 3000: ratili 42.

Hesabu hizo tuliziandika daftarini, tukaziweka mezani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Mpira kupasuka kwa uzee si makusudi ya mtu. Fundi alilipwa mshahara wake wote Jumamosi ile.

Geji imo katika sanduku la tawi. Aitakaye aandike jina lake.