Jeremia Alinunua Shamba

Kama Biblia yako iko karibu, ifungue katika kitabu cha nabii Jeremia, mlango wa 32. Kama uko jikoni au uko njiani, sikiliza tu, nami nitakusimulia.

Mji wa Yerusalemu ulikuwa umezingirwa. Askari wa mfalme wa Babeli walikuwa wamepiga kambi nje ya kuta, na ndani ya mji watu walikuwa na njaa. Jeremia mwenyewe alikuwa kifungoni katika ua wa walinzi wa mfalme, kwa sababu alisema wazi kwamba mji utatekwa. Katika hali hiyo anakuja binamu yake, Hanameli, na habari ya ajabu: anataka Jeremia anunue shamba lake lililoko Anathothi. Anathothi kilikuwa kijiji chao, mwendo mfupi tu kutoka mjini, lakini kilikuwa nje ya kuta, upande wa adui. Mimi nadhani Hanameli alikuwa na shida ya fedha. Mtu mwenye akili za biashara angemcheka na kumwambia aende zake.

Jeremia alinunua. Ukisoma utaona jinsi mwandishi asivyolipita jambo hili haraka. Anataja bei, shekeli 17 za fedha. Anasema fedha ilipimwa katika mizani. Hati iliandikwa, ikatiwa muhuri, na mashahidi wakaweka majina yao. Nakala zilikuwa mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja iko wazi. Baruku alikabidhiwa zote mbili mbele ya watu wote walioketi uani, akaambiwa azitie katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Ungedhani tuko katika ofisi ya ardhi! Na sababu yake ni kwamba Mungu alimwambia nabii kuwa siku itakuja ambapo watu watanunua tena nyumba na mashamba na mizabibu katika nchi ile.

Utaniuliza, kwa nini nimechagua hati ya shamba kwa mafundisho ya leo? Nimeichagua kwa ajili ya vijana waliooana karibuni na wanaotafuta nyumba yao ya kwanza. Ninyi mnaoishi Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro na Molo mnajua jambo ninalosema.

Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na sote tulifurahi. Lakini wazee wanaokumbuka siku za ukoloni watawaambia kwamba miji ya nchi hii haikujengwa kwa ajili ya familia za Waafrika. Mfanyakazi alipewa kitanda, au chumba kimoja, naye mkewe alitazamiwa kubaki nyumbani na watoto na jembe. Mpaka leo ukipita Kaptembwo au Rhonda utakuta baba, mama na watoto katika chumba kimoja, pazia likigawanya kitanda na jiko, na bomba moja la maji kwa ploti nzima. Huko ndiko ndoa nyingi za Kikristo zinakoanzia, tena baada ya arusi nzuri sana.

Mwaka 2017 serikali ilitangaza mpango wa nyumba za bei nafuu. Mtu hujiandikisha katika mtandao uitwao Boma Yangu, huweka akiba ya malipo ya kwanza, kisha hungoja. Tozo ya nyumba ilipoanza mwaka 2023 ilipelekwa mahakamani, na mwezi wa Novemba mwaka huo Mahakama Kuu iliikataa. Bunge likatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, ambayo kwayo mwenye mshahara hukatwa shilingi moja na nusu katika kila mia, na mwajiri wake huongeza kiasi kile kile. Kule Bondeni, Nakuru, zimejengwa nyumba 605. Waliojiandikisha katika Kenya nzima ni mamia ya maelfu. Sikuja hapa kusema kama tozo hiyo ni njema au mbaya. Nasema tu kwamba aliyekatwa ana haki ya kuuliza fedha yake imekwenda wapi, na kuuliza hivyo si uasi.

Sasa nitawaambia habari za vijana wawili. Walinijia jioni moja baada ya ibada ya katikati ya juma, kila mmoja ameketi upande wake wa benchi, nikajua mara moja kwamba kuna neno. Kijana ni fundi wa kuchomelea vyuma, naye mkewe anafanya kazi ya kufua katika hoteli. Mshahara wa mke ni shilingi 16,000, na kila mwezi anaona katika karatasi yake ya mshahara kwamba amekatwa shilingi 240 za nyumba. Mume hana karatasi ya mshahara. Mwezi mwema anapata 26,000, mwezi mbaya anapata kidogo.

Walikuwa wamekwenda saiba kujiandikisha. Yule kijana wa saiba, ambaye nadhani alitaka kuwasaidia, aliwapa mashauri matatu. Kwanza, kila mmoja ajiandikishe peke yake na kuandika kwamba hajaoa wala hajaolewa, ili bahati iwe mara mbili. Pili, mume aandike kwamba mapato yake hayafiki 20,000, kwa kuwa sheria imetenga nyumba za bei ya chini kabisa kwa watu wa namna hiyo, na wale wa kati ya 20,000 na 149,000 wana nyumba za daraja jingine. Tatu, kuna mtu anayejulikana, akipewa chai jina hupanda juu.

Mume aliona mashauri hayo ni mazuri. Mke alikataa, lakini hakukataa kwa sababu ya uongo peke yake. Alikataa mambo yote. Alisema hataki nyumba. Baba yake alijenga nyumba ya mabati upande wa Kuresoi, na mapema mwaka 2008 iliteketezwa kwa moto. Yeye alikuwa mtoto wa shule, akalala katika hema kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru pamoja na maelfu ya watu wengine. Akamwambia mumewe mbele yangu, "Nyumba ya kukodi ikiungua, hasara ni ya mwenyewe. Mimi najua kukunja godoro." Kijana alinyamaza. Kumbe katika miaka miwili ya ndoa hakuwahi kuambiwa habari ya lile hema.

Ndugu msikilizaji, sikumhubiria dada yule. Mtu aliyeona nyumba ya baba yake ikiungua anajua mambo ambayo mimi siyajui. Nilimwuliza tu kama tunaweza kusoma habari za Jeremia, tukazisoma sote watatu polepole, mpaka pale penye chombo cha udongo. Akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiri: "Je, huyu Jeremia alipata kulilima shamba lile?"

Hakuna mahali tunaposoma kwamba alililima. Mji ulitekwa. Baadaye watu wa kwao walimchukua Jeremia pamoja na Baruku mpaka Misri, naye mwenyewe alikuwa amewakataza kwenda. Hati ilibaki katika chombo chake. Nilimjibu hivyo bila kuficha, nikaona uso wake umelegea kidogo. Nadhani alikuwa amechoka na wahubiri wanaoahidi kwamba ukiamini, funguo utapewa.

Kisha tukarudi kwa yale mashauri ya saiba, na hapo maneno yangu yalikuwa kwa mume.

Jeremia alikuwa na neno la Mungu mkononi. Kama kuna mtu angeweza kusema, "Mungu ameniahidi, basi njia yo yote itafaa," ni yeye. Lakini alipima fedha mbele ya macho ya watu. Aliita mashahidi. Aliacha nakala moja wazi, ili anayetaka kusoma asome. Nilimwambia kijana, wewe unataka kuanza nyumba yako kwa kuandika kwamba huna mke. Mke yuko hapa, pete iko kidoleni, cheti cha ndoa tulikitia sahihi katika kanisa hili, nami nilikuwa shahidi. Siku utakapoitwa kuchukua nyumba hiyo, utamwingiza kama nani?

Na ile 20,000. Uongo juu ya mapato tunauona mdogo kwa sababu tunafikiri tunaidanganya serikali, na serikali haina machozi. Lakini vyumba vinahesabika. Chumba kilichotengwa kwa mama anayefua nguo za watu Kaptembwo, ambaye hajapata 20,000 katika mwezi wo wote wa maisha yake, kikichukuliwa na fundi mwenye 26,000, hakuna kingine kitakachoota mahali pake. Huenda mama huyo hukaa nyuma yako kanisani.

Habari ya chai sikuizungumza sana. Mtu anayepandisha jina lako kwa chai atalishusha kwa chai kubwa zaidi ya mwingine, na wengi wamepoteza akiba yao kwa madalali wasio na nyumba ya kumpa mtu.

Liko jambo moja zaidi ambalo wao hawakulileta, nami nililiuliza: nyumba ikipatikana, hati itakuwa na jina la nani? Mume alishangaa swali. Someni Hesabu mlango wa 27, mwone mabinti watano wa Selofehadi wakisimama mbele ya Musa na wakuu wote kudai urithi wa baba yao, na Bwana akasema wamenena vema. Sheria yetu nayo, ile ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila mwenzako kukubali. Lakini afadhali mwanamke ajue jina lake limeandikwa kuliko kuambiwa kwamba sheria inamlinda. Shilingi 240 zake za kila mwezi zimo katika matofali yale. Najua wako wazee wanaosikiliza sasa ambao hawapendi neno hili. Wazee wangu, mnisamehe, lakini waulizeni wajane wa kanisa lenu yaliyowapata baada ya mazishi.

Waliondoka usiku, na sikuwalazimisha kuamua. Jumamosi iliyofuata walirudi saiba pamoja. Waliandika kwamba wameoana. Mapato waliandika kama yalivyo, na kwa ile miezi mibaya ya mume walijumlisha mwaka mzima wakagawanya kwa kumi na mbili, hesabu iliyofanywa na mke. Wanaweka akiba kidogo kidogo, na daftari liko juu ya kabati ambapo wote wawili wanaliona. Mke bado anakunja godoro kila asubuhi. Nyumba hawajapata.

Kwa ninyi wazee wa kanisa ninalo ombi dogo. Tunatumia majuma mengi kuwafundisha vijana habari za arusi, keki na wasimamizi. Chukueni jioni moja tu muketi na waliooana, muwaulize wanalala wapi, wanalipa kodi kiasi gani, na fedha zao nani anazijua. Pengine hata ninyi mtaombwa kuwa mashahidi, kama wale walioketi uani pamoja na Jeremia.

Na tuombe.

Ee Bwana, wewe unawajua walio katika chumba kimoja usiku huu, na mtoto analia, na jirani anagonga ukuta. Wakumbuke waliojiandikisha na hawajaitwa. Mkumbuke karani anayeshika orodha ya majina, umpe mkono safi. Wakumbuke walioona nyumba zao zikiungua katika Molo, Kuresoi, Burnt Forest na Nakuru, na wale waliozichoma, ambao wengine wao wanasali pamoja nasi. Uwape mume na mke kuambiana yale ambayo bado hawajaambiana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.