Nguo za Dorkasi na Mabati ya Kina Mama

Somo: Matendo ya Mitume 9:36-42

 

Leo tumfikirie Dorkasi wa Yafa. Luka hakutuandikia hata neno moja alilolinena mama huyu. Hatujui kama aliwahi kuhutubu. Lakini alipokufa, na Petro akapandishwa orofani, wajane walimzunguka wakilia, wakamwonyesha nguo alizowashonea. Hao hawakuwa na mume wa kuwanunulia nguo. Ushahidi wa maisha ya Dorkasi ulikuwa miilini mwa maskini.

Nchi yetu pia ina historia ya namna hiyo. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka wa 1952, wakati wa ukoloni. Mwanzoni uongozi ulikuwa mikononi mwa kina mama wa Kizungu, na vilabu vya mashambani vilifundisha kushona, kupika, usafi na malezi ya watoto. Mwaka huo huo Hali ya Hatari ilitangazwa, na serikali ikavitumia vilabu hivyo kwa shabaha zake. Hata hivyo kina mama waliyachukua mafundisho yaliyowafaa. Mwaka wa 1958 Mama Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho.

Baada ya Uhuru vikatokea vikundi vya mabati, hasa katika Mkoa wa Kati. Kina mama walilima vibarua pamoja, wakauza mazao na kazi za mikono, wakaweka fedha mahali pamoja. Zilipotosha, walinunua mabati na kuezeka nyumba ya mmoja wao. Kisha wakaanza tena kwa ajili ya mwingine. Nyumba ya nyasi huvuja na kushika moto upesi. Bati hukinga mvua, tena maji yake huingia katika pipa, na mama hupunguziwa safari ya mtoni.

Hapa Trans Nzoia vikundi vina maana ya pekee. Mashamba makubwa yalikuwa ya walowezi wa Kizungu. Baada ya mwaka wa 1963 mengi yaligawanywa, na watu wakaja kutoka Bungoma na pande nyingine nyingi. Mama aliyehamia aliwaacha dada zake na mama yake mzazi mbali. Akijifungua, nani atamchotea maji? Akifiwa, nani atampikia wageni? Kikundi cha kina mama wa kanisa au wa kijiji kikawa ndugu zake.

Sasa, msikilizaji mpenzi, tufikiri. Tuseme kikundi kina kina mama ishirini. Yule wa kwanza ameezekewa. Jumatano ijayo jembe lingali linamngoja, ingawa mvua haimnyeshei tena. Akianza kutoa udhuru, na wa pili naye akafanya hivyo, ni nani atakayelia? Ni yule wa ishirini. Yeye amelima na kuchanga kwa ajili ya wote, na angali analala penye kuvuja. Mara nyingi wa mwisho ni mjane, au mama asiye na msemaji. Ndiyo maana daftari la fedha la kikundi ni jambo la kiroho. Anayeliandika kwa uaminifu anamtumikia Mungu.

Kuna jaribu jingine. Wakubwa huvipenda vikundi vyenye watu wengi. Mwaka wa 1987 Maendeleo ya Wanawake iliunganishwa na chama tawala cha KANU, na baadaye ikatengana nacho. Hatuhukumu mtu. Lakini tujifunze. Kikundi kikiitwa kila mara kumwimbia mgeni wa heshima, siku ya kulima itapungua. Wajane wa Yafa hawakumwonyesha Petro picha za wageni. Walimwonyesha nguo.

Mama mpendwa, labda wewe umekwisha kupata zamu yako. Rudi kazini kwa ajili ya yule aliyebaki. Na wewe baba, mkeo akienda kikundini usimwulize ataleta nini tu. Mwulize ni nyumba ya nani inayofuata, kisha umsaidie kubeba. Na wewe uliye wa mwisho, usivunjike moyo. Bwana aliyemwinua Dorkasi aliwaona pia wajane waliokuwa wakilia orofani.

Tuombe. Ee Baba, tunakushukuru kwa kina mama waliotumika bila kutajwa majina. Utupe mikono isiyochoka baada ya kupokea. Uwakumbuke walio mwisho wa mstari, na utufanye sisi kuwa jibu la maombi yao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.