Udongo na Moto: Ufinyanzi katika Miji Mitatu ya Marekani



Ufinyanzi wa bara la Amerika unapotajwa, fikra huelekea kwanza Mexico, na si bure. Kabla ya Wahispania kuwasili katika karne ya 16, mafundi wa huko walikuwa wamefinyanga kwa maelfu ya miaka bila ya gurudumu. Wageni hao walileta gurudumu, tanuri lililofunikwa na ule mchanganyiko unaopakwa juu ya chombo ukageuka ngozi ya kioo motoni. Mjini Puebla ukazaliwa ufinyanzi wa talavera, ambao mwaka 2019 UNESCO iliuorodhesha, pamoja na ule wa Uhispania, miongoni mwa urithi wa utamaduni wa wanadamu. Hata hivyo, kaskazini zaidi ipo miji mitatu ambayo watalii hawaendi kutafuta vyungu: Louisville, Columbus na Buffalo. Wakongo, Wasomali na Warundi waliohamia miji hiyo katika miongo ya karibuni wamekuta huko historia ya udongo isiyosimuliwa sana.

Louisville, katika jimbo la Kentucky, umejengwa kando ya Mto Ohio. Kiwanda kilichokuja kujulikana kwa jina la Louisville Stoneware hurejesha asili yake mwaka 1815. Zama hizo hapakuwa na majokofu. Nyama ya chumvi, achari na pombe vilihifadhiwa katika mitungi ya udongo mgumu uliochomwa kwa moto mkali hata usivujishe maji. Kazi ilikuwa ya haja, si ya pambo.

Pambo lilikuja baadaye, kwa mkono wa mwanamke aitwaye Mary Alice Hadley. Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Bibi huyu alikwenda kinyume, kwani alianza kwa kujitengenezea vyombo vyake mwenyewe, vya kutumia katika mashua ya familia, baada ya kukosa madukani vilivyomridhisha. Marafiki walipoviona walitaka vyao, na kufikia mwaka 1940 biashara ilikuwa imeanza. Alichora farasi, nguruwe, nyumba na mashua kwa rangi ya samawati juu ya udongo ambao haujaonja moto, kisha chombo kikachomwa mara moja tu. Kikombe kikimalizwa, mnywaji hukuta chini kabisa maneno ya kumjulisha kwamba kinywaji kimekwisha. Bi Hadley alifariki dunia mwaka 1965, lakini michoro yake iliendelea kunakiliwa kwa mkono miaka mingi baadaye.

Mji wa Columbus, jimboni Ohio, haukupata sifa kwa sahani wala mtungi. Mchango wake ni mdogo kwa umbo, nao pengine ndio mkubwa kuliko yote. Mwaka 1894 Edward Orton Mdogo, mtoto wa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alianzisha chuoni hapo idara ya kwanza ya elimu ya ufinyanzi wa viwandani nchini Marekani. Miaka miwili baadaye akaanza kutengeneza koni za kupimia moto, akifuata njia iliyobuniwa Ujerumani na Hermann Seger. Koni hiyo ni kipande chembamba cha udongo na madini yaliyochanganywa kwa kipimo, kinachosimamishwa ndani ya tanuri. Moto ukifikia kiwango chake, nacho hulainika na kuinama. Haipimi joto peke yake, bali joto pamoja na muda, na hilo hasa ndilo chungu hukihisi.

Kabla ya hapo fundi alitegemea jicho. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa nchini Tanzania, huchoma vyungu vyao juu ya ardhi kwa kuni na majani, nao huujua moto kwa rangi yake. Ni haki kusema kwamba koni haikuwazidi maarifa wanawake kama hao. Ilichofanya ni kuyawezesha maarifa ya namna hiyo kuandikwa na kupelekwa kwa mtu ambaye hajawahi kumwona mwalimu wake.

Jambo hilo si la kitaalamu tu. Kwa karne nyingi wafinyanzi wengi wa Mexico wamepaka vyungu mchanganyiko wenye madini ya risasi, kwa kuwa huyeyuka kwa moto wa kuni na kung'aa vizuri. Chungu hicho kikipikiwa nyanya au kikatiwa ndimu, uchachu huitoa risasi na kuiingiza chakulani, na sumu hiyo huharibu ubongo wa watoto. Michanganyiko isiyo na risasi ipo, lakini kwa kawaida hudai moto mkali zaidi na ulio sawasawa, yaani tanuri bora na kuni zaidi, gharama ambazo fundi maskini wa kijijini hazimudu kwa urahisi. Kwa hiyo familia za Kimexico zilizohamia Marekani hujikuta zikionywa juu ya chungu cha bibi. Chungu cha Ikombe hakina hatari hiyo, kwa sababu hakipakwi ngozi ya kioo.

Buffalo, jimbo la New York, ni kisa kingine. Huko ufinyanzi ulizaliwa na sabuni. Kampuni ya Larkin, iliyoanzishwa mwaka 1875, iliuza sabuni kwa njia ya posta na kuwatunza wateja wake zawadi. Mwaka 1901 iliona heri ijitengenezee vyombo vya kuwazawadia, ikaanzisha kiwanda cha Buffalo Pottery. Mwaka 1908 kikatoa sahani za rangi ya zeituni zenye picha za maisha ya Uingereza ya zamani, zilizopakwa rangi kwa mkono. Baadaye sabuni ikafifia. Kiwanda kikageukia vyombo vizito vya hoteli na jeshi, kikauzwa mwaka 1983 na tena mwaka 2004, kisha kikafungwa mwaka 2013 chini ya jina la Niagara Ceramics. Sahani zile za zeituni sasa hutafutwa minadani, na mnunuzi mzoefu, kabla ya kutazama picha, huigeuza sahani kifudifudi kutafuta muhuri wa nyati.