Utajiri wa Ginsi Tatu

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa watumishi wa migodi na watu wa sité



Kuna swali moja tunalolisikia kila pahali. Tunalisikia ndani ya treni, tunalisikia kwenye bomba la maji, tunalisikia hata kwenye matanga. Watu wanauliza: "Inchi yetu ni tajiri, juu ya nini sisi ni maskini?" Wengine wanajibu kwa hasira, wengine wanajibu kwa kucheka. Leo tunataka kujibu kwa utaratibu, sawa vile mtu anayehesabu feza yake juu ya meza.

Tunaona ya kuwa kosa la kwanza ni katika kuhesabu. Tunahesabu mali moja tu: mawe. Lakini utajiri wa inchi ni wa ginsi tatu. Kuna utajiri wa udongo, ule Mungu alioweka. Kuna utajiri wa mikono, ule watu waliojenga. Tena kuna utajiri wa moyo na akili, ule usioonekana kwa macho. Anayehesabu wa kwanza peke yake atakufa maskini juu ya mlima wa shaba.

Tuanze na udongo.

Sisi watu wa Katanga tunaujua. Tuna shaba, tuna kobalti, tuna bati upande wa Manono, tuna zinki Kipushi. Sehemu kubwa ya urani iliyotiwa katika bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, katika udongo wetu. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani siku hizi inatoka kwetu. Shaba inayotoka Kongo kila mwaka inapita tani milioni 2. Hayo yote ni kweli, na tunajisifu nayo.

Lakini wandugu, jiwe halizai. Ukilitoa, shimo linabaki. Mhogo unavunwa na kupandwa tena. Samaki wakiachwa watazaa. Maji ya mto yanapita leo na kesho yanapita tena. Kwa hiyo hata katika udongo kuna mali za namna mbili: ile inayokwisha na ile inayorudi. Na sisi, tukiwa na macho ya shaba tu, tunasahau ile inayorudi. Tazameni mapori kando ya Lubumbashi. Zamani wamama walikwenda pale karibu kuokota uyoga na viwavi wakati wa mvua. Leo miti imekuwa makala, na mwenye baiskeli anasukuma magunia yake safari ndefu sana kabla ya kufika sokoni. Hatumlaumu yeye, anatafuta chakula cha watoto. Lakini ni nani kati yetu aliyepanda mti mmoja kwa ajili ya gunia lile alilonunua?

Sasa tuje kwa utajiri wa mikono.

Watu wengine wanafikiri ya kuwa kazi ya shaba ilianza na kampani. Si kweli. Zamani sana wazee wetu walichimba jiwe la kijani wakati wa kiangazi, wakaliyeyusha katika tanuru za udongo kwa makala na mivukuto, wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba ile ilitumika kama feza. Imeonekana katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Basi akili ya kutengeneza shaba ilikuwa hapa mbele ya mashini.

Kiisha ikaja Union Minière mwaka 1906. Reli ikafika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Yakafuata mabwawa ya umeme: Mwadingusha mwaka 1930, Nzilo na Nseke katika miaka ya 1950. Kapita alipiga filimbi, na waliobeba mawe, waliopiga nyundo, waliochimba gizani walikuwa babu zetu. Wengine waliletwa kutoka mbali, kutoka Kasai, kutoka Rhodesia, kutoka Ruanda-Urundi. Mwaka 1967 serikali ikachukua migodi ile, na baadaye kampani ya serikali ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka mmoja.

Nini ilifuata? Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka ndani. Mwaka 1993 mgodi wa Kipushi ukasimama. Mwaka 1994 shaba yote ya Gécamines haikufika tani 50,000. Je, mawe yalikuwa yamekwisha? Hapana! Mawe yalikuwa palepale. Kilichokwisha ni utajiri wa mikono: mashini hazikutengenezwa, vyuma havikununuliwa, feza ya kazi ikaliwa. Hapa tunajifunza jambo kubwa: udongo wenye mali, bila mikono iliyo tayari, ni udongo tu.

Tena tazameni njia ya jiwe. Kobalti inatoka Kolwezi na miji jirani, inafanywa unga, unga unapakiwa ndani ya malori hata bandarini, na sehemu kubwa inasafishwa China kabla ya kuingia katika betri za motokari na za simu. Kila mkono inapopita, bei inapanda. Sisi tunashika mkono wa kwanza, ule wa bei ndogo. Na umeme ni hivyo hivyo. Waya kubwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, zilimalizika mwaka 1982. Zilipita juu ya vijiji vingi bila kuwasha taa hata moja. Mali ilipita juu ya vichwa vya watu, nao wakabaki na kandili.

Wandugu, tumefika kwa utajiri wa tatu, na juu ya huo ndipo tulipotaka hasa kusema.

Utajiri wa moyo na akili si maneno ya kanisa peke yake. Ni ujuzi. Mwaka 1960, siku ya uhuru, Wakongo waliokuwa wamemaliza universite hawakufika hata 50 katika inchi nzima. Migodi ilikuwa hai, reli ilikuwa hai, lakini ufunguo wa ofisi ulikuwa mikononi mwa wengine. Waliotutawala walijua ya kuwa mtu akikosa ujuzi, unaweza kumwachia mlima mzima na bado atakuja kuomba posho.

Utajiri huu tena ni ushujaa. Mwezi wa Desemba 1941 watumishi wa Union Minière waligoma kwa sababu mshahara haukutosha wakati wa vita. Walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na tarehe 9 askari wakapiga risasi. Watu wengi wakafa, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, akafa pamoja nao. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na neno moja tu, na neno lile halikuzikwa.

Ni kumbukumbu pia. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu, fundi wa picha wa Lubumbashi, alichora historia ya inchi picha kwa picha, juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Ni muziki: Mwenda Jean Bosco alipiga gitaa Jadotville, mji tunaouita Likasi leo, na dunia ikasikia. Nani alilipa kodi ya machimbo juu ya mali zile? Hazikutoka shimoni. Zilitoka ndani ya mtu.

Na kuna mali moja ndani ya moyo inayoshika zote: kuaminiana. Hapa sherti tuseme ukweli, hata kama unauma. Mwaka 1992 na 1993 jamaa za watu wa Kasai zilifukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi. Watu waliozaliwa hapa, waliotumika hapa, walilala kwenye stesheni pamoja na watoto wakingoja treni. Wengi walikufa pale na njiani. Hakuna Mzungu aliyetushika mkono siku ile. Wanasiasa walisema, na majirani wakasikia, na nyumba zikaingiwa. Tulijiambia ya kuwa tunapata kazi zao na nyumba zao. Tulipata nini? Fundi wa mashini aliondoka na ujuzi wake, mwalimu na masomo yake, mganga na dawa yake. Tuliharibu utajiri wa moyo, na utajiri wa mikono ukafa nyuma yake. Mwenye kusema leo "mgeni atoke ili nishibe", akumbuke stesheni ile.

Sasa mtu atauliza: "Maneno ni mazuri, lakini tutakula maneno?" Ni swali la haki, na tunalijibu kwa sheria iliyo mkononi.

Sheria ya migodi ilirekebishwa mwaka 2018. Imeandikwa ndani yake ya kuwa kampani inalipa kodi ya machimbo: kwa shaba asilimia 3.5, na kwa kobalti, kwa kuwa serikali iliiweka kati ya madini ya pekee, asilimia 10. Feza ile inagawanywa hivi: katika kila franka 100, franka 50 ni za serikali ya inchi, 25 ni za jimbo, 15 ni za komini au sekta au usultani pale jiwe linapotoka, na 10 zinawekwa kwa ajili ya watu watakaokuja nyuma yetu. Tena, kando ya kodi ile, kila kampani inatoa sehemu ya 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Na sherti ifanye mapatano ya maandishi pamoja na watu wale: masomo, maji, barabara, lazareti.

Basi tunawauliza: ni nani hapa anayejua franka 15 zile zilikwenda wapi mwaka uliopita katika komini yake? Ni nani aliyesoma mapatano yale? Inueni mikono. Mnaona? Tuko wengi na mikono ni michache. Wazee wa Kiswahili walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwizi hana kazi ngumu katika nyumba ambamo hakuna anayehesabu. Ndiyo sababu tunasema ya kuwa kusoma, kuhesabu na kuuliza pamoja ni chakula, tena ni chakula cha kila siku.

Tunakumbuka pia mwaka 2003 na 2004, wakati watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipotoka kazini kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Kila mmoja alipewa feza ya mwisho. Tumekaa pamoja na wengi wao. Feza ilikwisha, kwa wengine kwa miezi michache tu. Lakini yule aliyekuwa fundi wa umeme alibaki fundi wa umeme. Mama aliyejua kushona alibaki na cherehani yake. Baba aliyesomesha binti yake, leo binti yule anamlisha. Feza ilitoka mfukoni. Ujuzi haukutoka kichwani. Kijana unayeacha masomo darasa la tano kwenda kuosha mawe mtoni, tunajua njaa inakusukuma, na hatutakutukana. Lakini jiwe lile litakwisha, na mgongo wako utakwisha mbele yake. Na sisi wazazi tuna deni: mtoto mdogo pahali pake si shimoni.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

La kwanza: katika kila mtaa wachaguliwe watu watano, wanaume na wanawake, wenye kujua kusoma. Waende komini kuuliza kwa adabu na kwa maandishi hesabu ya franka 15. Wakikataliwa leo, warudi kesho. Wasiende peke yao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

La pili: mapatano ya kampani yasomwe mbele ya watu wote kwa Kiswahili. Neno lisiloeleweka haliwezi kudaiwa.

La tatu: kila fundi mzee achukue vijana wawili na kuwafundisha kazi yake. Ujuzi ukizikwa pamoja na mzee, ni mgodi uliofungwa.

La nne: mtu yeyote asiulizwe kabila yake kwenye mlango wa kazi, wala kwenye bomba, wala kwenye mkutano huu. Anayetumika pamoja nasi ni wetu.

Wandugu, shaba ina tabia moja nzuri. Ukiyeyusha msufuria wa zamani, unapata shaba ileile, na unaweza kuitengeneza tena. Moyo wa watu nao uko hivyo. Ulivunjika mwaka 1941, ulivunjika tena mwaka 1992, lakini haukupotea. Unangoja moto na mikono.

Mkirudi nyumbani jioni hii, msilale bila kuuliza swali moja mezani: katika nyumba yetu, ni mali gani ambayo hata mwizi hawezi kuichukua? Yule atakayejibu, aje Jumapili. Tutaanza kuandika majina ya wale watano.

Umoja na kazi!