Tume ya ajali: nani atalazimishwa kuongea?

Wasee wa Makongeni, kila ajali kubwa ikitokea tunaambiwa, "Tutaunda tume." Sawa, lakini tume bila mamlaka itaongea na wenye wamejitolea tu.

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama Mombasa, watu 272 wakafa. Ajali kama hiyo, ukweli uko kwa mabaharia, mafundi na faili za ukaguzi. Bosi anaweza kuficha faili; fundi anaogopa kupoteza kazi.

Ndio maana Sheria ya Meli za Biashara ya 2009 inawapa wachunguzi mamlaka ya kuhoji mashahidi na kudai hati.

Kwa hivyo mwanasiasa akiahidi uchunguzi, usipige makofi kwanza. Muulize: nani ataitwa, faili gani zitatolewa, na ripoti tutaisoma lini?