BOYA LISIFUNGIWE STOO

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Homa Bay



Labda wengine wenu wanaulizana: watu wa reli wana habari gani na maji? Tangu lini garimoshi likaogelea? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwanza.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu siku hizo reli na ziwa ni ndugu. Toka mwaka 1948 hata 1969 reli na bandari zilikuwa shirika moja kwa Afrika Mashariki nzima, na zilipotenganishwa, meli za ziwani zilibaki upande wa reli. Wazee waliomo humu wanazikumbuka meli hizo zikija Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Meli ya Uhuru, iliyojengwa katika miaka ya 1960, ina reli juu ya sitaha yake, ili mabehewa yaingie ndani na kuvuka ziwa. Basi mfanya kazi wa reli anayekaza kamba ya behewa pale gatini yuko hatua mbili tu kutoka majini. Tena sisi tunaosema nanyi leo ni wazaliwa wa Migori na Homa Bay. Ndugu zetu wanapakia magunia Sori na Muhuru Bay, na mama zetu hupanda boti kwenda sokoni Mbita.

Neno letu leo ni moja. Chombo cha kuokolea kilichofungiwa ndani si chombo cha kuokolea.

Tutawaeleza tuliyoyaona. Hatutataja gati wala mwajiri, maana hatukuja kushitaki mtu. Jioni moja tulikuwa tukishusha magunia kutoka boti. Ubao wa kupitia ulikuwa umelowa. Kijana mmoja, mwenzetu wa zamu, aliteleza akaanguka kati ya boti na ukuta wa gati. Hakupiga kelele. Alitokea kichwa mara moja, akatutazama, akazama, akatokea tena hatua kumi hivi mbali nasi. Tukamwuliza mzee aliyekuwa mlinzi, "Mzee, boya liko wapi?" Akajibu, "Liko stoo, wanangu, na ufunguo anao karani, na karani amekwenda nyumbani." Wawili wetu walikimbia kuvunja kufuli kwa jiwe. Walipotoka na boya, maji yalikuwa yametulia.

Tulimpata asubuhi. Katika ripoti liliandikwa neno moja, "ajali". Na boya lile lilirudishwa stoo, likafungiwa kwa kufuli jipya.

Ndugu zetu, watu husema ajali haina kinga. Methali hii hutumiwa vibaya. Kuteleza juu ya ubao kunaweza kumpata mtu yeyote, lakini kufa kwa sababu ufunguo uko nyumbani kwa karani, hilo lina kinga. Kinga yake ni msumari mmoja ukutani.

Tena kuna methali kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Hii nayo yaweza kutudanganya. Wengi wanaozama hawapigi kelele, kwa kuwa kinywa kinatafuta hewa wala hakina nafasi ya kusema. Mikono hukandamiza maji, haipungi. Dakika moja haipiti, mtu amekwisha kuzama. Kwa hiyo usingoje kelele. Ukiona mwenzako yuko majini, wima, kichwa nyuma, wala hajibu ukimwita, huyo anakufa mbele ya macho yako.

Basi kila gati lahitaji nini? Vitu vitano.

Kwanza, boya la duara. Kwa kanuni za kimataifa za meli, boya halipungui uzito wa kilo 2.5, nalo yapasa lielee saa 24 katika maji yasiyo na chumvi, kama haya yetu, likiwa limening'inizwa chuma cha kilo 14.5. Mtu akiwa ndani ya maji uzito wake hupungua sana, hivyo nguvu hiyo yamtosha.

Pili, kamba inayoelea, ndefu, ya mita 30 hivi, iliyofungwa kwenye boya. Boya lisilo na kamba humwacha mtu akielea kwenda mbali na upepo.

Tatu, upondo mrefu wenye kulabu, kwa yule aliye karibu na ukuta.

Nne, ngazi ya chuma inayoshuka mpaka chini ya maji. Mtu aliyechoka hawezi kupanda ukuta mtupu hata akiwa hodari wa kuogelea. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020, likapanda tena mwaka 2024. Kwa hiyo kila ngazi ipimwe upya kwa maji ya sasa.

Tano, taa. Gati la giza ni kaburi wazi.

Na jaketi za kuokolea je? Hizo zivaliwe na kila afanyaye kazi ukingoni au botini, tena zifungwe kifuani. Jaketi linalokaliwa kama mto halikumsaidia mtu bado.

Ikiwa gati lenu ni dogo na fedha hakuna, msikae bure. Chukueni mtungi wa plastiki wa lita 20, utieni maji kiasi cha vikombe viwili ili upepo usiupeperushe, kazeni kifuniko, fungeni kamba kwenye mkono wake. Mtungi huo utamshika mtu mzima majini. Haushindi boya, lakini washinda mikono mitupu.

Sasa, namna ya kutumia. Ikanyage ncha ya kamba kwa mguu. Mwite kwa jina lake. Rusha boya lipite nyuma yake kidogo, usimlenge kichwa, kisha ulivute mpaka limfikie mkononi. Usirukie majini. Wahenga walisema mfa maji hukamata maji. Je, akikukamata wewe shingoni? Mara ngapi tumezika wawili pale ambapo alianguka mmoja!

Akitolewa naye hapumui, msimbiringishe juu ya pipa, wala msimning'inize miguu juu. Mlazeni chali, inueni kidevu, mzibeni pua, mpulizieni pumzi tano kinywani. Kisha kandamizeni katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, tena mara 30, bila kuacha, na mwingine apige simu 999 au 112. Twaomba chama kimwite mwalimu wa huduma ya kwanza ili kila zamu iwe na watu wawili wanaojua kazi hii kwa mikono yao.

Mwenye kuokoa ni yule aliye karibu. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka katika ziwa hili hili pale Bukoba, ilikuwa na watu 43. Kumi na tisa walikufa, 24 walipona. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hivyo ndivyo itakavyokuwa kwetu.

Lakini yatupasa kusema kweli hata ikituuma. Waajiri hufungia boya kwa sababu huibwa, na hapo hawasemi uongo. Tumeona kamba ya boya ikifunga mbuzi. Tumeona boya limekatwa vipande kuwa vielea vya nyavu. Aliyefanya hivyo si mwajiri, ni sisi na jirani zetu. Mwizi wa kamba ile hajui atakayekosa kamba siku ya pili. Pengine ni mwanawe.

Kwa hiyo twatoa matakwa, na twatoa ahadi.

Matakwa yetu kwa waajiri: boya litundikwe nje, mahali peupe, bila kufuli. Jambo hili si geni. Mkataba Na. 32 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1932, ulitaka bandarini pawe na matayarisho ya kuwaokoa wafanya kazi walioanguka majini, na Mkataba Na. 152 wa mwaka 1979 ukataka vifaa na watu waliofundishwa wawe tayari. Hapa Kenya, sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Gati lenye watu hao na halina kamati, wanachama waiulize kwa barua, si kwa kunong'ona.

Ahadi yetu: kila boya lipakwe namba. Mkubwa wa kila zamu alihesabu kabla ya gunia la kwanza kushushwa, na atie sahihi kitabuni. Tuseme na kamati za fuo, wavuvi na mama wachuuzi, wajue kwamba boya lile ni lao vilevile. Anayeligusa bila mtu majini, na akemewe na wote.

Ndugu zetu, kijana yule alikuwa na mama, naye mama alituuliza swali moja tu: "Ninyi mlikuwa wapi?" Tulikuwa hapo hapo, hatua kumi. Tusiulizwe tena.