Hakimu Aachiwe Nafasi ya Kupima

Mheshimiwa diwani, wazee wetu, akina mama, vijana wa Ruaha:

Nataka tuzungumze juu ya swala. Barabara kuu ya Tanzam inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi. Dereva akimgonga swala pale, anatozwa faini kwa orodha ya TANAPA iliyopangwa kwa dola, kisha anaendelea na safari yake. Mwanakijiji akikutwa na nyama ya swala jikoni, anashtakiwa kwa nyara za serikali, tena kama mhujumu uchumi. Vipande vile vinathaminiwa kama mnyama mzima. Akitiwa hatiani, Sheria ya Uhujumu Uchumi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamwamuru hakimu ampe kifungo kisichopungua miaka 20. Najua, mmoja amegonga kwa bahati mbaya na mwingine amechukua kwa kujua. Je, tofauti hiyo ni ya miaka 20?

Mwaka 2023, kwa jirani zetu wa Iringa, mama mmoja alifungwa miaka 22 kwa vipande 12 vya nyama ya swala. Watu walipaza sauti nchi nzima, na mapema mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamwachia. Tulifurahi sana. Lakini sheria ile ipo pale pale, inamsubiri mama mwingine ambaye habari zake hazitafika redioni.

Sisemi ujangili uachwe. Sensa ya 2009 ilihesabu tembo wapatao 109,000 nchini. Ile ya 2014 ilikuta kama 43,000. Waliowamaliza walikuwa na bunduki, magari na wanunuzi ng'ambo, na hao wafungwe hata miaka 30. Ninachokataa ni kumtia mwenye shehena ya pembe na mwenye sufuria katika kapu moja.

Wazee mnakumbuka sheria ya mwaka 1963 ya viwango vya chini vya adhabu: kifungo pamoja na viboko 24, 12 mfungwa akiingia gerezani na 12 akitoka. Ilikuwa sheria ya kutisha, na viboko vile sivitamani hata kidogo. Hata hivyo iliacha mlango. Kama ni kosa la kwanza, mali haizidi shilingi 100 na kuna sababu za pekee, mahakama iliweza kulegeza. Bunge lile lilikuwa na hasira kali dhidi ya wezi na wala rushwa, lakini lilikubali kwamba aliyesimama kizimbani ana maisha yake na sababu zake, na mtu azisikilize.

Mjadala tayari umefunguliwa. Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais Samia ripoti Julai 2023. Na sisi tunaopakana na hifadhi tuna la kusema.

Naomba tuazimie mambo mawili. Kwanza, kwa nyamapori ya kitoweo na mkosaji wa mara ya kwanza, kiwango cha chini kiondolewe, hakimu apime. Pili, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, ambayo leo inaishia kwenye vifungo vya miaka mitatu, imfikie mkosaji wa namna hiyo: afyeke barabara za moto mpakani mwa hifadhi, jioni arudi kwa watoto wake.

Mtendaji wa kata, tafadhali fungua kitabu cha muhtasari. Tukikubaliana, tusaini leo, mbunge aupate kabla Bunge halijakaa.